Shuka Arobaini Zisizo na Mfuaji

Jumatatu ya pili ya Novemba mwaka 1998, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Mutunga, fundi wa kompyuta, alikuwa amepiga magoti chini ya meza katika ofisi ya nyuma ya hoteli moja ya Diani, akitafuta waya uliotafunwa na panya. Nereah wa mapokezi akachungulia mlangoni, akamwambia kwamba wageni wa meza ya nne walikwisha kula mayai yao, na sasa mayai yamerudi kwenye trei.

"Yote?" Mutunga aliuliza.

"Yote sita. Sahani ni safi, na wageni wana njaa."

"Waambie wapishi wakaange tena. Programu haitaanguka tena kabla ya saa nne."

Nereah akaenda kuwaambia. Mutunga akaendelea na waya wake.

Hoteli ilikuwa na tabia hiyo tangu mwezi wa kumi. Ndani ya seva mlikuwa na programu ya kumbukumbu, ambayo kazi yake ni moja tu: kuandika kila kinachopita, kwa saa na dakika. Siku hizi programu hiyo ilikuwa ikianguka. Ikianguka hailii wala haiwashi taa, inalala tu. Na chochote kilichotendeka hotelini wakati imelala, Mutunga akiiamsha, kinarudi pale kilipokuwa. Mgeni aliyeogelea anajikuta mkavu. Bwana mmoja wa Uswisi alifika hadi uwanja wa ndege Mombasa, akapanga foleni, na programu ilipoamshwa akajikuta amekaa kitandani chumba namba kumi na saba, sanduku lake halijafungwa bado. Aliomba taulo. Wanandoa wa chumba cha thelathini walikuwa wamenuniana, wakapatana vizuri sana wakati programu imelala, kisha wakajikuta wamenuniana upya na ikawabidi wapatane mara ya pili. Hao hawakulalamika.

Watu walikumbuka kila kitu, maana kumbukumbu ya kichwani haikuwa chini ya seva. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Wazungu walidhani ni mambo ya Afrika, na wafanyakazi walidhani ni mambo ya Wazungu.

Shida ilikuwa shuka.

Kila asubuhi katika chumba cha kufulia, nyuma ya jiko, Mama Kache alipokea shuka arobaini zenye mchanga na mafuta ya jua. Bwana Gilbert, meneja, alikuwa amempelekea kompyuta kuukuu iliyotolewa ofisini, akamfundisha kubonyeza kitufe kimoja anapoanza kazi, ili hoteli iwe ya kisasa. Mama Kache alibonyeza, akafua, akaanika, akapiga pasi. Halafu mahali fulani programu ikaamshwa, na shuka zote arobaini zikawa zimerudi kwenye kapu, chafu vilevile, mchanga wake pale pale. Akaanza upya. Siku nyingine alifua shuka zilezile mara tatu, na jioni Bwana Gilbert akapita, akaliona kapu limejaa, akatikisa kichwa.

Malalamiko mawili yalikwisha kuandikwa dhidi yake. La tatu lingemfukuzisha. Na si kufukuzwa tu. Mama Kache, Mduruma wa Kinango, alikuwa kibarua katika hoteli hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Baada ya vurugu za Likoni za mwaka uliotangulia na wageni kupungua, nusu ya walioajiriwa walirudishwa makwao, naye kibarua akabaki, maana kibarua hana pa kurudishwa, kila siku yake ni ya kwanza. Sasa aliahidiwa barua ya ajira ya kudumu mwisho wa Novemba. Barua ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Ilikuwa kwenye droo ya Bwana Gilbert, ikingoja saini.

"Nataka niweze kuugua," Mama Kache alimwambia Mutunga Jumanne, siku iliyofuata, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akipumzisha goti lake bovu. "Miaka kumi na mmoja sijaugua hata siku moja, fundi. Si afya hiyo. Ni woga."

Mutunga alikuwa akimwamkia shikamoo tangu siku ya kwanza alipofika kutoka Kitui, miaka tisa iliyopita, na alikuwa anampenda kama mtu anavyompenda shangazi anayemtania. Akarudi ofisini, akaisoma tena faksi iliyotumwa na watu wa Nairobi waliouza seva. Faksi ilisema kosa linajulikana dunia nzima: programu ya kumbukumbu hufa ikipokea ujumbe kutoka kwa mashine isiyo na jina katika orodha. Dawa yake ilikuwa kiraka, na kiraka kilikuwa ndani ya flopi, diski ndogo ya plastiki, iliyofika Jumamosi kwa basi.

"Flopi unayo?" Bwana Gilbert aliuliza.

"Ninayo."

"Sasa mbona haiko ndani?"

"Nataka kwanza niiangushe mwenyewe, bosi."

Bwana Gilbert akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Bungoma aliyepewa hoteli yenye vyumba tisini na wageni thelathini, na kila Ijumaa makao makuu yalimpigia simu.

"Kitu kinaanguka chenyewe, wewe unataka kukiangusha?"

"Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Hakuwahi kubandika kiraka kabla ya kuitumbukiza tyubu kwenye karai la maji, aone mapovu yanakotoka. Nikiweka hii leo, programu haitaanguka tena, lakini hatutajua kamwe ni nini kilikuwa kinaiangusha. Na wewe unataka kumfukuza mtu kwa sababu ya shuka."

"Shuka ni mambo mengine. Mayai, hiyo ni mashine. Shuka ni uvivu."

"Mayai yanarudi, na shuka zinarudi."

"Mayai hayana mtu wa kulaumiwa," Bwana Gilbert alisema, akavaa miwani yake. "Nakupa hadi Alhamisi."

Jumatano saa nne, wageni wakiwa ufukweni, Mutunga akaanza. Aliitumia seva ujumbe kutoka kompyuta ya ofisi, programu ikaandika na kubaki macho. Akatuma kutoka mapokezi, ikabaki macho. Akaenda chumba cha kufulia, akabonyeza kitufe cha ile kompyuta kuukuu, akarudi mbio ofisini akiwa na hakika ameikamata. Programu ilikuwa imesimama wima, imeandika saa, dakika, na jina lake yeye, Mutunga.

Alikaa akawaza. Kisha akamwomba Mama Kache abonyeze yeye. Programu ikalala. Akaiamsha, akampeleka Mama Kache mapokezi, akambonyezesha kitufe cha kompyuta ya Nereah, yenye jina na namba na cheti. Ikalala. Nereah akabonyeza hiyohiyo, ikabaki macho. Akaitwa Randu wa bustani, aliyekuwa kibarua kwa miaka sita, akapangusa kidole kwenye suruali na kubonyeza kwa adabu. Ikalala.

Faksi ilisema mashine. Haikusema mtu. Mutunga akaandika kwenye daftari lake kwamba faksi ina upungufu, akaiamsha programu, na maandishi hayo yakafutika, kwa kuwa aliyaandika ikiwa imelala. Akayaandika tena.

Ndipo alipokumbuka. Orodha ile ya majina aliiingiza yeye, kwa mkono wake, seva ilipokuja. Alipewa agizo la ofisi lisemalo kwamba kitu cha muda kisiingizwe: si viti vya kukodi, si mahema ya harusi, si vibarua. Naye aliliona agizo la maana kabisa. Aliwapita Kache na Randu na wenzao kumi na watatu, akaenda kunywa chai. Alijionea haya sana, na kwa haya hizo akajaribu kuliingiza jina la Mama Kache palepale. Seva ikamwomba namba ya ajira. Hakuna. Ikakataa.

"Basi ni barua," Mama Kache alisema alipoelezwa. "Nikipata barua nitapata namba, nikipata namba itanijua."

"Na meneja hatoi barua mpaka shuka ziwe safi."

"Na shuka haziwi safi mpaka initambue." Akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja. "Makubwa haya. Hata wachawi wa kwetu hawajafika huku."

Alhamisi saa mbili asubuhi, Bwana Gilbert aliletwa chumba cha kufulia, akapewa kiti. Mama Kache akabonyeza kitufe. Nereah akapiga simu kutoka ofisini kusema programu imelala. Kisha Bwana Gilbert akashuhudia kazi ambayo hakuwahi kuishuhudia tangu apewe hoteli. Alimwona mama wa miaka arobaini na tisa akinyanyua shuka zilizolowa, nzito, akisugua mafuta ya jua kwa ndimu na sabuni ya mche mahali mashine ilipoacha, akaanika kwenye kamba nne, akazigeuza jua lilipohama. Mvuke wa pasi ulimtia meneja machozi. Alikunja shuka moja mwenyewe, pembe kwa pembe, jinsi mama yake alivyomfundisha Bungoma, na akaifurahia mno.

"Sasa nimeona kwa macho yangu," alisema. "Mimi nilikuwa nimekosea, Mama Kache. Samahani sana." Akatoa barua kwenye mfuko wa koti. Alikuwa ameibeba, na hilo ni la kumshukuru.

"Bosi, ngoja tuiamshe kwanza," Mutunga alisema.

"Saini ni saini," Bwana Gilbert alisema, akatia saini juu ya ubao wa pasi, tarehe na kila kitu, akampa mkono Mama Kache, akaondoka na moyo mweupe kwenda kula.

Mama Kache akaishika barua kwa mikono miwili. Ilikuwa na jina lake la kwanza na la baba yake, na chini yake namba ya ajira, mia mbili na kumi na nne, ambayo bila saini haihesabiki. Aliisoma polepole. Mutunga alisimama karibu naye, akijua, na alipomtazama akaona kwamba mama naye anajua.

"Ukiiamsha itafutika," Mama Kache alisema.

"Saini itafutika. Karatasi itarudi kwake mfukoni."

"Nikitoka nayo sasa hivi, nikaenda nayo Kwale?"

"Yule Mswisi alifika uwanja wa ndege, mama."

Mama Kache akaikunja barua, akaitia kifuani. "Basi iache ilale," alisema.

Mutunga akaiacha. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Wageni wakala samaki wa kupaka, wakaomba waongezewe. Randu akafyeka nyasi zote za upande wa bahari akijua huenda atazifyeka tena, lakini akasema mikono inahitaji kuzoezwa. Mama Kache alikaa kwenye ndoo yake, akiwa mwajiriwa wa kudumu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akasema kichwa kinamgonga. Alilala saa nzima juu ya shuka safi. Hakuna aliyemwamsha, maana ilikuwa haki yake.

Saa tisa kasoro robo Nereah akaja na Bwana Gilbert nyuma yake. Basi la wageni kumi na wanane lilikuwa limeondoka saa saba. Sasa lilikuwa Likoni, linangoja feri. Ndege yao ilikuwa ya saa kumi na moja.

"Wakirudishwa kutoka kwenye basi, sawa," Nereah alisema. "Kutoka uwanjani, sawa. Lakini hakuna aliyewahi kujaribu kumrudisha mtu kutoka angani. Sijui watarudi na viti au bila viti."

Bwana Gilbert akatazama saa yake ya mkononi.

"Iamshe sasa hivi, Mutunga," Bwana Gilbert alisema.

"Na barua?"

"Kwani saini ni nini? Ni dakika moja. Nitaitia tena. Nyinyi wote ni mashahidi wangu."

Mutunga akamtazama Mama Kache. Mama Kache akawawaza watu kumi na wanane waliomo ndani ya basi. Shuka zao alikuwa amezifua yeye, alijua nani hulala vibaya na nani hulia usiku. Akatoa barua kifuani, akaiweka juu ya ubao wa pasi, akainyoosha kwa kiganja.

"Iamshe, mwanangu," alisema.

Mutunga akaenda, akaiamsha. Wageni kumi na wanane wakajikuta vyumbani, wakashuka na masanduku yao, na ingawa basi lao lilibaki Likoni, hoteli jirani iliwaazima magari matatu, wakaiwahi ndege. Samaki wakarudi kwenye barafu, nyasi zikasimama. Shuka arobaini zikawa ndani ya kapu. Juu ya ubao wa pasi hapakuwa na kitu.

Bwana Gilbert aliikuta barua mfukoni mwa koti lake, haina saini. Mutunga akamwekea kalamu mezani. Bwana Gilbert akaisogeza kalamu pembeni.

"Unajua," alisema, "mimi nilikwisha kutia saini."

"Imefutika, bosi."

"Hilo ni la seva. Mimi sehemu yangu niliifanya, nyote mliniona. Nikitia saini mara mbili kwa mtu mmoja, makao makuu yataniuliza ni watu wangapi nimeajiri."

"Barua ni moja."

"Saini zitakuwa mbili," Bwana Gilbert alisema, kwa huzuni ya kweli, akaifungia barua kwenye droo. "Weka kiraka, Mutunga. Shuka zikikaa safi mwezi mzima tutazungumza."

Mama Kache alipoambiwa, alilia kidogo, kwa muda ule wa kujaza maji kwenye mashine. Maji yalipojaa akajifuta uso kwa leso, akaingiza shuka.

Mutunga akaweka kiraka Ijumaa saa mbili asubuhi. Kabla ya hapo alisoma faksi hadi mstari wa mwisho, na mstari huo ulieleza kiraka kinafanya nini hasa. Hakikumpa jina asiye na jina. Kiliifundisha programu, ikipokea ujumbe wa namna hiyo, iupuuze na kuendelea na kazi. Alikaa na flopi mkononi mpaka Bwana Gilbert akaja kusimama mlangoni. Kisha akaisukuma ndani, na kuisukuma kwake kulimuuma.

Kiraka kilikuwa kizuri, lazima isemwe. Mama Kache akabonyeza kitufe, na programu haikuyumba hata kidogo. Mayai yaliyoliwa yakakaa tumboni. Shuka zilizofuliwa zikabaki zimefuliwa. Kwenye kumbukumbu za seva, saa tano na nusu, kukawa kumeandikwa kwamba shuka arobaini ni safi, na mahali pa mfuaji pameachwa wazi.

Baada ya siku nne hivi, wageni wakaanza kuona shuka zikipita ukumbini zenyewe. Zilipita zimekunjwa vizuri, kumi kumi, kwa mwendo wa mtu mwenye goti bovu, zikapanda ngazi na kujitandika vitandani. Mama mmoja wa Kijerumani alizipisha mlangoni, akaziambia asante. Nyasi za upande wa bahari nazo zilikuwa zikijifyeka. Askari wa lango aliacha kupekua vikapu vya vibarua jioni, kwa sababu hakuwa akiona wa kumpekua, na mpishi aligundua kwamba sahani kumi na tano za ugali hutoweka kila siku saa saba, akalichukulia kuwa jambo la panya. Vibarua wenyewe waliendelea kuonana bila shida. Randu alisema Mama Kache yuko vilevile, ila amenenepa.

Bwana Gilbert alipiga picha ya shuka zikishuka ngazi, na picha hiyo ikachapishwa kwenye kipeperushi cha msimu wa Krismasi. Wageni waliongezeka. Mwezi ulipokwisha, Mutunga akaingia ofisini kwake na kumkumbusha kwamba shuka zimekaa safi siku zote.

"Zimekaa safi kweli," Bwana Gilbert alikubali. Akafungua kumbukumbu za mwezi mzima, akapitisha kidole. "Lakini sioni aliyezifua. Hii barua nitampa nani?"

Aliuliza kwa nia njema, akingoja jibu. Mutunga akalitaja jina. Bwana Gilbert akaitikia kwa kichwa, kama anayesikia jina la mtu wa zamani, akasema atalifuatilia.

Mutunga akapita nyuma ya jiko. Chumba cha kufulia kilikuwa kimejaa mvuke, pasi ikienda na kurudi juu ya ubao, yenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni.

"Marahaba, fundi," sauti ikajibu. "Amesemaje?"

"Amesema atalifuatilia."

Pasi ikasimama, ikawekwa wima. Palikuwa na kikohozi, kikavu, cha mtu ambaye angepaswa kuwa amelala nyumbani. Kisha shuka moja ikanyanyuka kutoka kwenye kapu, ikajitandaza hewani, na pembe zake mbili zikamsogelea.

"Shika huku," sauti ikasema. "Peke yangu leo siwezi."

Mutunga akashika. Wakaikunja, pembe kwa pembe, zikabaki thelathini na tisa.